Rivyu ya masters ya ubora wa maji: kichwa kinashiba, mikono utajitafutia mwenyewe

Kwa wale mnaoulizia hii masters ya ufuatiliaji wa ubora wa maji ya mito, maziwa na visima inayosomwa onlaini, mi nimeimaliza hivi karibuni na naandika kwa sababu matangazo yao hayakuambii kitu, yote ni picha za mtu kavaa gambuti anatabasamu mtoni. Jina la chuo naliweka pembeni maana nina malalamiko mawili matatu na sitaki kesi, ila kozi za aina hii zinafanana sana mpangilio kwa hiyo itakusaidia hata ukiomba kwingine. Naipa nyota nne kati ya tano.

Kwanza ondoa mawazo kwamba unaenda kusoma kemia. Kemia ipo, oksijeni iliyoyeyuka, pH (ukali wa asidi ya maji), konduktiviti (maji yanavyopitisha umeme), naitrojeni, fosforasi, ambayo ndo makundi yaleyale matano ya kiashiria 6.3.2 cha malengo ya maendeleo endelevu, kwamba mto au ziwa linahesabiwa kuwa na hali nzuri kama angalau asilimia 80 ya vipimo vyake vimefikia viwango vilivyowekwa. Hayo mnayamaliza mapema. Muda wote uliobaki mnabanwa na swali moja tu, unapima ili ujue nini? Na aisee ni watu wachache sana kazini wanaoweza kulijibu, wengi tunapima kwa sababu mwaka jana tulipima.

Moduli ya kupanga programu ya upimaji ndo roho ya kozi nzima. Unapewa ramani ya mto, mji huku, mashamba kule, bwawa katikati, bajeti finyu, alafu unaambiwa chagua vituo na ratiba. Karibu darasa zima liliweka vituo kwenye madaraja. Mwalimu anauliza kwa nini hapa, jibu ni kwamba gari linafika, basi hapo anaanza: maji ya chini ya daraja yameshachanganyika na yale ya bomba la majitaka lililo juu kidogo au bado yanatembea upande mmoja wa mto? Hujui, kwa hiyo sampuli yako inausemea upande mmoja tu. Kisha ratiba. Ukienda kila mara saa nne asubuhi utapata oksijeni nzuri tu, labda miligramu 8 kwa lita, mimea ya majini imeshaanza kazi, jua limetoka. Usiku mimea haitengenezi oksijeni, kila kiumbe kinavuta, na kiwango cha chini kabisa kinakuja karibu na alfajiri wakati wewe umelala. Samaki wanakufa alfajiri na faili lako linasema mto mzima wa afya. Na hapo bado hujaweka joto, maji ya nyuzi 20 usawa wa bahari yanashika kama miligramu 9.1 kwa lita, yakifika nyuzi 30 yanashika kama 7.6 tu, kwa hiyo kusema "oksijeni ni 7" bila joto na bila saa ni nusu ya habari.

Humohumo wanakulazimisha kupima kasi na wingi wa maji pia, kitu ambacho watu wa maabara tunakikwepa sana. Fosforasi ya miligramu 0.1 kwa lita inaonekana takataka tu, ila kwenye mto unaopitisha mita za ujazo 20 kwa sekunde hiyo ni zaidi ya kilo 170 kwa siku zinazoingia ziwani. Ukishaipiga hesabu hiyo huwezi tena kuandika ripoti ya namba tupu.

Moduli ya data nayo ni moto. Wanatumia R, ile programu ya takwimu, kama hujawahi kugusa jiandae kulia wiki za mwanzo, Excel inaruhusiwa kwa kufungulia mafaili tu hahaha. Kilichonivutia zaidi ni yale majibu ya maabara yanayokuja "chini ya 0.05", yaani kifaa hakikuweza kuona. Kazini karibu kila mtu anaweka nusu yake, 0.025, maisha yanaendelea. Sasa mwalimu akaleta data ya mto mmoja, fosforasi ilikuwa inashuka vizuri miaka na miaka, akatuambia tuandike aya moja kumshauri waziri. Watu wakapongeza sera. Kumbe maabara ilinunua mashine mpya, kiwango kidogo kabisa inachoweza kuona kikashuka kutoka 0.05 hadi 0.01, zile nusu zikatoka 0.025 zikawa 0.005, mto haukubadilika hata kidogo. Zipo njia za takwimu za kushughulika na namba kama hizo bila kuzibuni na mnafundishwa, ila hata ungesahau njia zote huwezi kulisahau lile zoezi.

Kitu kingine kidogo cha kuumiza kichwa ni naitreti. Maabara moja inaripoti kama naitreti yenyewe, nyingine inaripoti naitrojeni iliyomo ndani ya naitreti, na safu kwenye jedwali imeandikwa tu "naitreti". Tofauti ni mara 4.43. Ukomo wa WHO kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 kwa lita ikihesabiwa naitreti, ambayo ni kama 11 ikihesabiwa naitrojeni, kwa hiyo jibu la 15 linaweza kuwa kisima salama kabisa au kisima cha 66 ambacho hupaswi kumchanganyia maziwa mtoto mchanga. Walituwekea mtego huo kwenye mtihani, bila onyo.

Moduli ya wadudu wa majini ilikuwa fupi mno kwa maoni yangu. Mnaonyeshwa namna ya kuchokonoa chini ya mto kwa mguu huku wavu uko mbele, mnajifunza kuwatambua wale wasiovumilia uchafu na wale lava (watoto wa wadudu) wekundu wanaojiishia tu kwenye tope lenye oksijeni kidogo sana, basi, imeisha.

Haya, nyota iliyokatwa. Mazoezi ya maabara ni video. Video nzuri, zina sauti safi, lakini chukua mfano wa njia ya Winkler ya 1888 ya kupima oksijeni kwa kemikali, ambayo mpaka leo inatumika kuhakiki probu za oksijeni: kwenye video chupa inafungwa, mashapo ya kahawia yanashuka, asidi inawekwa, maji yanakuwa ya njano, wanga unayageuza buluu, mwisho rangi ya buluu inapotea, umemaliza. Ukishika chupa mwenyewe ndo unakuta kazi yote iko kwenye kufunga kizibo bila kubakisha kiputo cha hewa, na kiputo hicho hakifundishiki kwa skrini. Kukalibreti mita ni hivyohivyo. Kujifunza fani hii kwa video tu ni kama kujifunza kuogelea ukiwa sebuleni, tuseme ukweli.

Lalamiko lingine, mifano ya maziwa karibu yote ni ya nchi za misimu minne, barafu, maji ya juu na ya chini kujigeuza majira ya kuchipua na ya kupukutika. Ziwa la ukanda wa joto halifuati kalenda hiyo, na digrii moja kwenye maji ya joto inabadili uzito wa maji zaidi kuliko digrii hiyohiyo kwenye maji ya baridi, kwa hiyo tabaka zinaweza kujipanga imara hata tofauti ya joto ikiwa ndogo. Niliuliza, nikapewa makala mbili za kusoma. Na marejesho ya asaimenti yalichelewa mpaka mnakabidhi inayofuata hamjajua ya kwanza ilikuwaje, hilo halina utetezi.

Kwa hiyo kama upo idara ya maji, ofisi ya bonde la mto au maabara na una mto wa kwenda kesho yake kujaribu ulichosoma jana, omba hata leo. Kama umetoka digrii ya kwanza moja kwa moja na hujawahi kushika chupa ya sampuli, tafuta kwanza maabara ya kujitolea. Wenye muda kidogo wanaweza kuishia diploma ya uzamili, moduli karibu zote zimo, unachokosa ni tizisi. Na kabla hujalipa waulize data ya tizisi inatoka wapi, wengine wanakubali utumie GEMStat, hifadhi ya wazi ya data za ubora wa maji ya mradi wa Umoja wa Mataifa wa GEMS/Water ulioanza 1978, wengine wanataka ukachote sampuli zako mwenyewe kwa gharama zako, na hilo halimo kwenye tangazo.