Msaada wa Jumuiya ya Koha: Tathmini ya Mkutubi wa Chuo

Maktaba ya chuo ninayoisimamia mjini Morogoro inatumia Koha, programu huria ya kuendeshea maktaba, kwa mwaka wa sita sasa, na katika muda wote huo hatujawahi kuwa na mkataba wa matengenezo na kampuni yoyote. Kila tatizo lililotushinda tumelipeleka kwa jumuiya ya watu wanaoitengeneza na kuitumia programu hiyo sehemu mbalimbali za dunia, watu ambao hawatujui, hawatutozi hata senti na hawana wajibu wa kutujibu. Ninaandika tathmini ya msaada huo kwa sababu wakutubi wenzangu wanaofikiria kuhamia Koha huniuliza karibu wote swali lilelile kabla hawajauliza lolote kuhusu uorodheshaji au uazimishaji wa vitabu: "Ikiharibika, tutampigia nani?"

Hakuna wa kumpigia. Kuna orodha ya barua pepe ambayo mtu yeyote hujiunga bila malipo, kuna chumba cha gumzo kwenye mtandao wa IRC ambamo watengenezaji hushinda wakifanya kazi zao, na kuna Bugzilla, daftari la wazi ambamo kila hitilafu hupewa namba na kufuatiliwa hatua kwa hatua. Huduma yote ipo katika maandishi, na karibu yote ni ya Kiingereza.

Koha ilianza kuandikwa New Zealand mwaka 1999, pale maktaba za Horowhenua zilipogundua kwamba mfumo wao wa zamani, kwa namna ulivyosoma tarehe, usingeweza kuvuka kuingia mwaka 2000. Kampuni ndogo iitwayo Katipo Communications iliwaandikia mfumo mpya ulioanza kazi mwanzoni mwa Januari 2000, na mwaka huohuo msimbo wake ukatolewa kwa leseni ya GPL, ili yeyote autumie, aubadili na augawe kwa wengine. Jina lenyewe ni neno la Kimaori, lugha ya wenyeji wa asili wa New Zealand, lenye maana ya zawadi, na katika desturi ya Wamaori anayepokea koha hujua kwamba zamu yake ya kutoa nayo itafika. Asili hiyo inaonekana mpaka leo katika tabia ya wanaojibu maswali, kwa kuwa wengi wao ni wakutubi au mafundi wa maktaba ambao nao waliwahi kukwama. Ni haki pia kusema kwamba baadhi yao ni waajiriwa wa kampuni zinazouza huduma za Koha, na hutenga sehemu ya muda wao kusaidia hadharani. Sijaona mmoja wao akitumia nafasi hiyo kututafutia mkataba tusiouomba.

Nitaeleza tukio moja kwa urefu, kwa sababu ndilo lililonifundisha huduma hii ilivyo. Jumamosi moja ya msimu wa masika umeme ulikatika mara tatu kwa siku moja, na betri za UPS yetu, kifaa cha kushikilia umeme unapokatika, zilikuwa zimechoka kiasi kwamba seva ilizimika ghafla kila mara. Jumatatu asubuhi mfumo uliwaka vizuri, tukaazimisha na kupokea vitabu kama kawaida. Mchana mwanafunzi mmoja alikuja kaunta akiwa na kitabu cha fiziolojia ya mimea mkononi, akaniambia kwamba amekikuta rafuni lakini alipokitafuta kwenye katalogi aliambiwa hakipo. Nikatafuta mwenyewe kwa jina la kitabu, nikatafuta kwa mwandishi, nikakikosa. Nilipokagua nikakuta kwamba vitabu vyote tulivyoingiza tangu Ijumaa havionekani, na baadhi ya vile vya zamani vilionekana mara moja na kupotea nilipovitafuta tena. Nilidhani kumbukumbu za miaka yote zilikuwa zinateketea mbele ya macho yangu.

Kwa hofu hiyo nikaandika kwenye orodha ya barua pepe ujumbe wa mistari miwili, kwamba Koha yetu haitafuti vitabu na kwamba tunaomba msaada wa haraka. Majibu mawili yalifika kabla ya saa za kazi kuisha, na yote mawili yalikuwa maswali: tunatumia toleo gani, tuliisakinisha kwa vifurushi vya Debian (mfumo endeshi huria) au kwa njia nyingine, na logi za mfumo, yaani kumbukumbu za matukio yake, zinasema nini. Wakati ule niliona kama ninazungushwa. Sasa ninaelewa kwamba mtu aliye umbali wa maelfu ya kilomita hana macho mengine ya kuitazamia seva yangu isipokuwa maandishi yangu, na nilikuwa sijampa chochote cha kutazama.

Usiku ule nilikaa na fundi wetu wa kompyuta, tukaandika ujumbe wa pili. Tulitaja toleo letu, mfumo endeshi na njia ya usakinishaji; tukaeleza kukatika kwa umeme na siku tatizo lilipoanza; tukabandika mistari ya mwisho ya logi kutoka katika saraka ya /var/log/koha, na tukaeleza kwa mpangilio kilichotokea tulipotafuta kitabu kimoja tulichokuwa na hakika kwamba kimeingizwa. Tuliutuma saa tatu usiku, wakati ambapo huko New Zealand kunapambazuka, kwa kuwa wenzetu hao wametutangulia kwa saa tisa au kumi kutegemea majira yao. Kabla hatujafunga ofisi jibu likawa limeingia.

Aliyejibu alianza kwa kututoa hofu. Alieleza kwamba rekodi zote za vitabu zinakaa katika hifadhidata, na kwamba unapotafuta kitabu mfumo hausomi hifadhidata yenyewe, unasoma faharasa iliyotengenezwa kutokana nayo na programu nyingine iitwayo Zebra. Faharasa ikiharibika vitabu hupotea machoni pa msomaji, lakini rekodi zake hazijaguswa. Akatuelekeza jinsi ya kuhakikisha jambo hilo sisi wenyewe kwa kuifungua rekodi ya kile kitabu cha fiziolojia kwa namba yake badala ya kuitafuta kwa jina. Tuliifungua, tukaikuta kamili, na fundi wangu akavuta pumzi ndefu ambayo naikumbuka mpaka leo.

Kisha akatuomba tuangalie nafasi iliyobaki kwenye diski. Ilikuwa imejaa kabisa, kwa sababu nakala za akiba za hifadhidata tulizokuwa tukizitunza wenyewe zilirundikana kwenye diski ileile kwa miezi. Zebra ilikuwa ikijaribu kuandika faharasa mahali pasipo na nafasi, na umeme ulipokatika katikati ya kazi hiyo mambo yakaharibika zaidi. Tulihamishia nakala hizo kwenye diski ya nje, tukawasha upya huduma mbili alizozitaja, kisha tukatoa amri ya koha-rebuild-zebra ili faharasa yote ijengwe upya. Maktaba yetu ni ndogo, hivyo kazi ilikwisha upesi. Asubuhi yake kitabu kilionekana.

Jambo ninalolithamini zaidi katika jibu lile ni mpangilio wake. Hakutupa amri ya mwisho pekee ili tuibandike bila kujua inafanya nini. Alitufikisha kwenye chanzo, na tangu siku hiyo fundi wetu hukagua nafasi ya diski kila Ijumaa. Miezi michache kabla ya hapo kampuni moja ya mifumo ya maktaba ilikuwa imetutajia ada ya mwaka iliyozidi bajeti yetu ya kununua vitabu, na katika maelezo yao hapakuwa na neno kuhusu kumfundisha mtu wa ndani.

Kwa atakayejaribu njia hii, nasisitiza tahadhari moja. Unachokiandika kwenye orodha hiyo hubaki hadharani, na mtu yeyote anaweza kukisoma baada ya miaka mingi. Tulipokuwa tukikusanya maelezo ya ujumbe wa pili, fundi wetu alikuwa amekwisha kuambatisha faili la mipangilio, koha-conf.xml, akiamini kwamba litasaidia, kumbe ndani yake limo neno la siri la hifadhidata, limeandikwa wazi bila kufichwa. Tuliliondoa kabla ya kutuma. Picha za skrini nazo hubeba majina ya wasomaji, namba zao za simu na vitabu walivyoazima, na hayo ni mambo ambayo mkutubi ameaminiwa kuyatunza. Futa au funika kwanza, ndipo utume.

Swali letu la pili kubwa lilihusu kalenda. Koha huziruka siku za mapumziko inapohesabu tarehe ya kurudisha kitabu, na huruhusu sikukuu kama Desemba 9 au Aprili 26 iandikwe mara moja ijirudie kila mwaka. Idi haifuati utaratibu huo, kwa kuwa hufuata mwandamo wa mwezi na kila mwaka huwahi kwa siku kumi hivi, na wanafunzi wetu walikuwa wakitozwa faini kwa siku ambazo mlango wa maktaba ulikuwa umefungwa. Nilitaka kujua kama upo mpangilio tulioshindwa kuuona. Nilijibiwa na mkutubi wa nchi nyingine yenye sikukuu hizohizo, akasema wazi kwamba haupo: yeye huingiza Idi kama siku ya pekee kila mwaka, huacha nafasi ya siku moja zaidi kwa sababu ya mwandamo, na hufanya hivyo mwezi mmoja kabla, ili vitabu vinavyoazimwa kipindi hicho vipate tarehe sahihi mapema. Jibu halikuwa la kiufundi hata kidogo, na hakuna fundi wa kompyuta ambaye angenipa.

Upungufu upo, na mwenye kufikiria kuhama ni lazima aupime. Hakuna ahadi ya muda. Maswali yetu mengi yalijibiwa ndani ya siku moja, lakini lipo lililokaa wiki mbili bila mtu kuligusa, mpaka nilipoliandika upya kwa maelezo zaidi. Maktaba isiyoweza kuvumilia hata siku moja ya kusimama inahitaji mkataba wa kulipia, na zipo kampuni za kazi hiyo. Toleo jipya hutoka kila baada ya miezi sita, mwezi Mei na mwezi Novemba, hivyo anayebaki na toleo la miaka mingi nyuma ataambiwa ahame kwanza ndipo tatizo lake litazamwe. Ushauri huo ni sahihi, ila ni mzito kwa chuo chenye seva moja na intaneti ya kusuasua. Anayeomba kipengele kipya, kwa mfano ripoti ya aina fulani, asitarajie kwamba kuna mtu atakayekaa kumwandikia. Ombi lake litaandikishwa, na litangoja hadi apatikane mwenye haja hiyohiyo na uwezo wa kuitimiza. Zaidi ya yote, katika maktaba lazima awepo angalau mtu mmoja asiyeogopa kuandika amri kwenye seva na kusoma Kiingereza cha kiufundi. Bila mtu huyo, majibu mazuri yatabaki kwenye barua pepe.

Kuhusu lugha ya watu wenyewe, sijawahi kudharauliwa humo, wala sijamwona mgeni akidharauliwa kwa kuuliza jambo dogo au kwa Kiingereza chenye makosa. Nalisema hili nikijua kwamba si kila jumuiya ya programu huria iko hivyo. Katika jumuiya ya programu nyingine, ambayo sitaitaja, niliwahi kujibiwa kwa neno moja la kuniamuru nikasome mwongozo, na nilikuwa nimekwisha kuusoma.

Mwaka jana tulianza kurudisha kidogo katika tulichopewa. Utaratibu wao hauruhusu rekebisho lolote la msimbo kupita kwa neno la aliyeliandika peke yake. Ni lazima mtu mwingine alijaribu na kulitia saini, kisha timu ya ukaguzi wa ubora ilipitie, ndipo msimamizi wa toleo aliingize. Kulijaribu hakuhitaji kujua kuandika msimbo. Jumuiya imeweka seva za majaribio zinazofunguka kwenye kivinjari cha kawaida, ambamo mtu hutaja namba ya hitilafu, rekebisho huwekwa, naye hufuata hatua zilizoandikwa na kueleza alichokiona. Nilichagua rekebisho dogo linalohusu ukurasa wa kurudishia vitabu, kwa kuwa ukurasa huo ninaufahamu kuliko wengi wao: nimekaa mbele yake kila siku ya kazi kwa miaka sita. Nilirudisha vitabu vya kubuni, kimoja kilichochelewa, kimoja kilichowekewa oda na kimoja cha tawi lingine, nikaona hitilafu ikitokea bila rekebisho, na nikaona ikiondoka baada ya rekebisho kuwekwa. Nikatia saini. Ndani ya saa chache mwandishi wake alinishukuru kwenye daftari la hitilafu, akaniuliza kama ningeweza pia kujaribu hali ambayo msomaji ana faini, jambo ambalo hakuwa amelifikiria mpaka aliposoma maelezo yangu. Nilimjaribia kesho yake, kabla ya kufungua mlango wa maktaba.