Vizimba vya Waya vya Tungule: Vinapofaa na Visipofaa

Duka moja la pembejeo la Mwanakwerekwe, hapa Unguja, linauza vizimba vya waya vya kusimamishia mitungule (minyanya), vyenye pete tatu zilizochomelewa kwenye miguu minne na kupakwa plastiki ya kijani, na muuzaji huvisifu kwa maneno mepesi: “Hivi ni vya maisha, bi mkubwa, na tungule ya aina yoyote vinaibeba.” Nimevitumia kwenye bustani ya nyuma ya nyumba tangu mvua za vuli hadi masika yalipomalizika, na sifa ya pili ndiyo ninayoikataa zaidi.

Kizimba chenyewe hakifiki mita 1 kikishasimikwa. Kwa aina fupi zinazotanda na kuacha kurefuka zenyewe, kama vile Roma au Cal J, kimo hicho kinatosha kabisa. Matawi hujilaza juu ya pete, tungule hazigusi ardhi, na mkulima hana haja ya kufunga kamba hata moja. Hilo ni jambo kubwa wakati wa masika, kwani matone ya mvua hurusha udongo kwenye majani ya chini na ukungu huanzia hapo hapo, na tungule iliyolala juu ya udongo wa majimaji huoza kabla haijaiva. Kwa Money Maker, ambayo huendelea kupanda hadi kupita mita 2, kizimba hiki ni kama kumvisha mtu mzima kanzu ya mtoto: mmea ulipita pete ya juu ukiwa ndiyo kwanza unachanua, ukapindukia nje, na shina likavunjika pale lilipoegemea waya.

Kasoro ya pili ni miguu. Kwenye kinongo, yaani udongo mwekundu wenye kina, inazama vizuri, lakini sisi wa maeneo ya mawe, ambako udongo ni mwembamba, tunapata shubiri moja tu kabla ya kugonga jiwe, na upepo wa kusi ukikaza, kizimba huanguka pamoja na mmea wake na mizizi ikang’oka. Kutu nayo haikuchelewa. Ilianzia kwenye viungo vya kuchomelea, mahali ambapo plastiki imebanduka, na hewa ya chumvi ikafanya kazi iliyobaki. Muuzaji, haki yake apewe, alinibadilishia bila ubishi vile vilivyoachia viungo.

Kwa aina ndefu narudi kwenye fito za mvinje. Ufito wa mita 2 unasimikwa siku ile ile ya kupandikiza mche, umbali wa kiganja kimoja kutoka kwenye shina, kwa sababu ukichelewa utakata mizizi iliyokwisha kutanda. Penye mawe, fito tatu zinazofungwa pamoja juu husimama imara bila kuhitaji shimo refu. Shina linafungwa kwa kamba ya makumbi, ile inayosokotwa na akina mama wa vijiji vya pwani ya mashariki, kwa kitanzi chenye umbo la tarakimu 8, kipande kimoja kikizunguka ufito na kingine kikizunguka shina kwa ulegevu, ili shina linenepe bila kukabwa. Kila wiki hufungwa kitanzi kipya juu zaidi, na machipukizi ya kwapani, yaotayo kati ya jani na shina, huondolewa kwa vidole yakiwa bado machanga. Kazi ipo, sikatai, na anayetoka kazini jioni amechoka ataiona ni nyingi.

Bei ya kizimba kimoja hununua fito za kutosha mitungule kadhaa. Kwa hiyo namshauri anunue vizimba yule tu anayepanda aina fupi kwenye ndoo au kwenye udongo wenye kina, na kabla ya kulipa akague kila kiungo na kukitikisa kwa mkono. Vyangu vilivyobaki vizima sasa vinashikilia bilingani na pilipili boga, na huko sina lalamiko.