Mlango wa vioo wa mabawa mawili katika chumba cha darini

Nilichagua mlango unaofunguka kwa ndani kwa sababu nje hakuna baraza, ila uzio wa chuma ulio karibu mno na ukuta, na baada ya kuutumia majira yote ya mvua naridhika nao, ingawa si kwa kila jambo. Kila bawa lina upana wa sentimita 75, na nafasi hiyohiyo ya sakafu lazima iachwe wazi. Kabla ya kuagiza, pima pia pembe ya juu ya bawa linapozunguka, kwa maana dari la mteremko hushuka haraka na pembe hiyo ndiyo hugonga kwanza.

Udhaifu wake mkubwa ni maji: upepo husukuma bawa mbali na mpira wake wa kuziba mwanya badala ya kulikandamiza. Fundi wangu aliweka kizingiti bila mteremko wa kutosha kuelekea nje, na mvua ya kwanza ikaacha mstari wa maji juu ya mbao za sakafu. Alikifumua, akapima fremu upya kimshazari, kutoka kila kona ya juu hadi kona ya chini ya upande wa pili, mpaka vipimo vyote viwili vikalingana, na tangu hapo pamekauka. Bawaba ziko ndani, kwa hiyo mtu wa nje hawezi kuzifikia.