Unataka kununua Raging Bull? Soma hapa kabla hujatoa hela

Wadau wa muvi za ngumi, Raging Bull ndo muvi ya ngumi ninayoipenda kuliko zote na ndo muvi iliyonitesa kuliko zote kuipata ikiwa na picha inayoeleweka. Nimeinunua mara tatu. Mara ya kwanza nilichukua DVD kwenye duka moja mjini, kava zuri linang'aa, nimefika home naweka kwenye deki naona picha imekaa katikati ya TV kama kidirisha, weusi juu, weusi chini, kushoto na kulia weusi pia, nikabonyeza zoom kwenye rimoti ikajaa kweli lakini watu wote wakawa kama wamechorwa kwa mkaa. Nikajua TV yangu ndo imekufa. Kumbe TV ilikuwa nzima, diski ndo ilivyotengenezwa.

Kwa hiyo nimeona niandike hii ili mwingine asipigwe kama nilivyopigwa mimi. Muvi ni moja lakini diski zake ziko za kila aina, na makava yanafanana, ukikurupuka unalipia kitu ambacho kilishapitwa miaka ishirini iliyopita.

Kwa ambao hawajaiona: ni ya mwaka 1980, kaiongoza Martin Scorsese, steringi ni Robert De Niro anacheza kama Jake LaMotta, bondia wa kweli kutoka Bronx, New York. LaMotta alichukua ubingwa wa dunia uzito wa kati mwaka 1949 kwa kumpiga Mfaransa Marcel Cerdan kule Detroit, akaupoteza Februari 1951 Chicago, Sugar Ray Robinson alimtwanga mpaka refa akasimamisha raundi ya 13. Robinson na LaMotta walipigana mara sita jumla, LaMotta akashinda moja tu. Sasa usitegemee ile stori ya maskini anapambana mpaka anatoboa, kama ni hiyo unayoitaka chukua Rocky, ambayo cha ajabu watayarishaji wake ni walewale, Irwin Winkler na Robert Chartoff. Hii ni stori ya mwanaume ambaye ulingoni hawezi kuangushwa ila wivu unamla, anamdunda mke wake, anamdunda mdogo wake, mwisho anabaki peke yake. Joe Pesci kacheza kama huyo mdogo wake na Cathy Moriarty ndo mke. Ilitajwa kwenye Oscar nane ikabeba mbili, ya De Niro na ya mhariri Thelma Schoonmaker. De Niro alinenepa kama kilo 27 kwa ajili ya vipande vya LaMotta akiwa mzee, utengenezaji ukasimamishwa miezi kadhaa ili ale tu.

Halafu tuje kwenye kinachofanya diski ziwe ishu. Muvi karibu yote ni nyeusi na nyeupe. Scorsese alichagua hivyo makusudi, wakati ule alikuwa anapiga kelele sana kuhusu filamu za rangi zinazopauka kwenye stoo, na pia Michael Powell, yule mwongozaji wa Uingereza, alipoona vipande vya majaribio vya De Niro akifanya mazoezi alimwambia ule wekundu wa glavu hauko sawa. Basi rangi ikatolewa, zikabaki tu picha za nyumbani za familia, zile za harusi na kuogelea, ambazo wakazikwaruza kwa mkono zionekane za zamani kweli. Kwenye muvi ya rangi, diski mbovu bado unaweza kuivumilia maana rangi zinakusaidia kujua hiki ni nini na kile ni nini. Kwenye nyeusi na nyeupe huna msaada huo, kila kitu ni kivuli na mwanga, ule moshi wa ulingoni, jasho mgongoni, flashi za wapiga picha, na diski ikishindwa kutofautisha kijivu kimoja na kingine muvi imekufa hapo hapo.

Na sauti! Watu wanasahau sauti. Frank Warner ndo alitengeneza sauti za ngumi, alikuwa anapasua matikiti na nyanya, na baadae akaziharibu tepu zake ili asitokee mtu wa kuzitumia kwenye muvi nyingine. Kuna sehemu kelele zote zinakatika, kimya, unasikia pumzi tu, halafu ngumi inashuka. Kwa spika za TV ya bei poa na diski iliyobanwa sana unasikia pwa pwa pwa basi.

Haya tupange, kuanzia ya kununua mpaka ya kukimbia.

Namba moja ni 4K (diski yenye picha kali kuliko Blu-ray, na Blu-ray nayo iko juu ya DVD) ya Criterion, kampuni ya Marekani inayotoa diski za filamu, ya mwaka 2022. Hapa sina ubishi na mtu. Wametengeneza picha upya kwa 4K, Scorsese mwenyewe akaipitisha, na sauti wakarudisha ile ya asili ya stereo badala ya ile iliyotanuliwa kuwa 5.1, yaani ya spika sita zinazokuzunguka. Ndani kuna diski mbili, moja 4K na moja Blu-ray. Mara ya kwanza kuiweka nilirudia ule mwanzo mara nne, ule ambao bondia yuko peke yake kwenye ulingo anarukaruka taratibu na joho lake, kamba tatu zinakata skrini, muziki wa Mascagni, mtunzi wa opera wa Italia, unapiga, na kwa mara ya kwanza niliuona moshi kama moshi, unasogea, una tabaka, nilikuwa nimezoea kuona ukungu mmoja umesimama tu. Utaona chembechembe ndogo zinacheza kwenye picha nzima, usidhani ni ubovu, hiyo ni filamu ya milimita 35 ilivyo, aliyezoea picha za simu inamsumbua dakika kumi za kwanza halafu anasahau.

Bei yake ya kawaida Marekani ni dola 49.95, ni hela nyingi, sikatai. Ila duka la vitabu la Barnes & Noble huwa linauza diski za Criterion nusu bei mwezi wa 7 na mwezi wa 11, kama una ndugu au rafiki yuko huko mwambie akuwekee, akija likizo anakuja nayo kwenye begi, maana ukiagiza kwa posta jumlisha usafiri na ushuru unaweza kukuta umelipa karibu mara mbili.

Sasa hapa sikiliza vizuri maana ndo watu wengi wanapoumia. Diski za 4K hazina kanda, yaani hazijafungiwa eneo fulani la dunia, zinasoma popote. Blu-ray za kawaida zina kanda, Marekani ni A, sisi Afrika pamoja na Ulaya na nchi za Kiarabu ni B. Ile Blu-ray iliyomo kwenye kasha la Criterion ya Marekani ni A. Maana yake ukiwa na deki ya kanda B, iwe ya Dar, Nairobi au Muscat, muvi yenyewe kwenye 4K utaangalia bila shida, lakini mahojiano na makala zilizoko kwenye Blu-ray zitagoma. Mimi niliona ni sawa tu, muvi ndo nilikuwa naitaka. We ukiwa ni mtu wa makala ujue kabla.

Na lazima uwe na kitu cha kuisomea. PS5 yenye sehemu ya diski inasoma 4K, Xbox One S, One X na Series X pia zinasoma. PS4 haisomi, hata ile Pro haisomi, inaishia kwenye Blu-ray, hili nalirudia kwa sababu nimeshaona jamaa kanunua diski ya 4K kaenda kuitumbukiza kwenye PS4 Pro akaanza kumlaumu muuzaji.

Namba mbili, na hapa najua kuna watakaonibishia, ni Blu-ray za zamani zile zilizoanza kutoka 2009, ila utafute zilizouzwa Ulaya zenye herufi B nyuma ya kasha. Kwa mtu wa huku mwenye PS4 au deki ya kawaida ya Blu-ray hii ndo inayoingia akilini. Picha sio ya 4K lakini ni picha safi, inajaa TV, weusi ni weusi. Sauti ni ya 5.1, ngumi zinazunguka sebuleni, wengine wanaipenda hivyo. Kuna toleo la 2011 la kusherehekea miaka 30, usilipie zaidi kwa ajili yake ukidhani picha ni mpya, picha ni ileile, walichoongeza ni makala fupi kadhaa na DVD. Mtumba wa hizi unapatikana bei chee mtandaoni, we angalia tu diski haina mikwaruzo.

Namba tatu ni Criterion Blu-ray peke yake, bila 4K, dola 39.95. Kwa ubora wa picha ilitakiwa iwe ya pili, nimeishusha kwa sababu ya kanda A tu. Kama unakaa Marekani au Canada, au una deki iliyofunguliwa kanda zote, basi ipandishe mwenyewe, picha inatoka kwenye kazi ileile ya 4K na makala zote utaziona.

Namba nne, DVD ya 2005 ya diski mbili. Usicheke, kuna watu TV yao ni ya inchi 32 na deki ya DVD inafanya kazi miaka yote, kwa nini wanunue kingine? Hii ndo ilikuwa ya kwanza kuitendea haki muvi, picha inajaa TV pana, diski ya pili imejaa makala, na kuna maelezo ya sauti matatu tofauti, mojawapo Scorsese na Schoonmaker wanakueleza kipande kwa kipande walichofanya. Mi ngumi nilijifunza kuziangalia kupitia yale maelezo. Ulingo kumbe walikuwa wanaubadilisha ukubwa kulingana na pambano, pambano ambalo LaMotta anajisikia vizuri ulingo ni mpana, akichanganyikiwa unabanwa au unavutwa mpaka anaonekana kama kapotea, na lile joto linalotikisika kwenye picha waliwasha moto chini ya lenzi. Kitu kimoja, DVD za Ulaya za mfumo wa PAL zinakimbia kidogo, muvi ya dakika 129 inaisha kwenye 124 hivi, hujakatiwa kipande chochote, ni spidi tu, na sauti za watu zinapanda kidogo. Mwenye sikio jepesi achukue ya Marekani, deki nyingi za mtaani nilizojaribu zinasoma DVD za kanda zote.

Tano ni kukodi au kununua mtandaoni. Ukiwa na bando la uhakika sio mbaya, ukiwa na bando la kubahatisha basi ule moshi wa mwanzo utauona umekatika vipandevipande kama ngazi. Na unachonunua kule kinaweza kuondolewa siku moja ukabaki na risiti.

Ya mwisho kabisa ni DVD za kwanza, zilizotoka kabla ya 2005. Hizi ndo za kidirisha katikati ya TV, zilitengenezwa enzi za TV za chogo, na hakuna rimoti itakayokuokoa. Kuzijua: geuza kasha, soma mwaka, hesabu diski. Ikiwa diski ni moja na hakuna sehemu yoyote imeandikwa kwamba ni ya TV pana za 16:9, rudisha kwenye shelfu hata kama anakupa kwa elfu mbili. Inaniuma kusema hivi maana kuna watu hiyo ndo Raging Bull pekee waliyoiona na wakatoka wanasema muvi yenyewe ya kawaida tu. Hawajaiona.

Ukishapata yako, kabla hujakaa ingia kwenye seting za TV, zima ile inayolainisha mwendo inayofanya muvi ionekane kama taarifa ya habari, toa vivid weka sinema, na rangi weka upande wa joto maana ukiacha upande wa baridi nyeupe yote inakuwa ya bluu kama sabuni. Zima na taa.

Halafu kama unataka kuipima diski usisubiri mpaka mwisho, nenda moja kwa moja kwenye kipande cha jela kule Florida, LaMotta kafungiwa kwenye selo, giza karibu tupu, anapiga ukuta kwa ngumi na kichwa huku analia. Kwenye ile DVD yangu ya kwanza nilikuwa nasikia mtu analia kwenye skrini nyeusi. Kwenye 4K naona bega lake, naona mkono, naona ukuta anaoupiga.