Nimesoma The Giver na kidato cha pili, walimu wenzangu piteni hapa kabla hamjanunua

Muhula uliopita tumemaliza The Giver ya Lois Lowry na watoto wangu wa kidato cha pili, klabu ya kusoma ya Ijumaa mchana, watoto 26. Kiukweli tangu nianze kufundisha Kiingereza sijaona kitabu kinachofanya watoto wagome kutoka darasani kengele ikishalia.

Kwa asiyekijua, kilitoka 1993 na mwaka uliofuata kikachukua medali ya Newbery kule Marekani. Ni mji usio na njaa wala vita, ila hauna rangi pia, hauna muziki, mke unapewa, watoto unapewa wa kiume mmoja wa kike mmoja, na mtoto akifika miaka 12 wazee wanamtangazia kazi yake mbele ya watu wote. Hapo tu darasa likachemka maana neno kupangiwa wanalijua, mmoja akasema dada yake kapangiwa kombi ya masomo ambayo hata hakuipenda, kipindi kizima kikaishia hapohapo na mi nikawaacha waongee.

Sehemu iliyonishika zaidi ni ya Asher, rafiki yake Jonas, yule mtoto ambaye hadithi yote inamfuata. Alipokua na miaka 3 alikua anaomba kitafunio ila ulimi unateleza anataja kofi, kwa Kiingereza maneno yenyewe yanapishana herufi moja tu, basi kila akikosea anachapwa kifimbo, anachapwa tena, mpaka akaacha kuongea kabisa. Darasa lilicheka mwanzoni halafu kikapita kimya, nikajua kila mmoja anakumbuka siku alochapwa kwa kukosea Kiingereza. Kuna kijana hua hanyanyui mkono kabisa, siku hiyo alinyanyua.

Lugha ni nyepesi, sura 23 fupifupi, hata wale wanaosuasua wanafika nao. Kilichosumbua ni theluji, maana Jonas kazi aliyopangiwa ni kupokea kumbukumbu za zamani kutoka kwa mzee mmoja, na ya kwanza anayopewa ni ya kuteleza mlimani kwenye theluji na hapa kwetu joto tupu. Nikaenda kantini nikakwangua barafu iliyoganda kwenye kuta za friza nikawagawia viganjani, binti mmoja akaing'ang'ania mpaka ikaisha, maji yanamchuruzika hadi kwenye kiwiko, akasema mwalimu kumbe baridi inachoma.

Sasa sikilizeni, SURA YA 19. Kama hujasoma na hupendi kusimuliwa ruka hapa. Baba yake Jonas, mtu mpole anayelea vichanga, anampima uzito pacha mmoja na mwenzie, yule mwepesi anachomwa sindano, anawekwa kwenye boksi na kutupwa, na muda wote neno lao ni "kuachiliwa". Mi niliwapa wakasome nyumbani peke yao na nilikosea. Jumatatu kabla ya paredi mtoto mmoja kanifata na kitabu kimefunguliwa palepale ananiuliza mwalimu huyu baba anajua anachofanya? Isomeni kwa sauti darasani mkiwa pamoja, na msiiweke dakika za mwisho za kipindi. Kwa darasa la tano nadhani bado mapema.

Filamu ya 2014 ipo ila Jonas wamemfanya mkubwa, si yule mtoto wa miaka 12 tena, onesheni baadae kama mnataka.

Kuhusu kopi, nilinunua za bei rahisi kwa muuzaji mmoja mjini, wino umepauka na 4 hazina kurasa za mwisho. Na mwisho ndo penyewe, Jonas ametoroka mji na kachanga kaitwako Gabe, wanateleza kwenye theluji kwenda kwenye taa na huambiwi kama wamefika au wamekufa kwa baridi. Basi hata wenye kopi nzima wakaja kudai zao zimekatika, nikawaonesha kwangu inaishia neno lilelile, hawakuamini. Wakabishana wiki mbili. Kuna vitabu vingine 3 baada ya hiki, cha mwisho Son cha 2012, ndo tumeanza kukitafuta, aliye nacho Dar anicheki. Na kabla hujalipia hizo kopi fungua ukurasa wa mwisho kwanza.