Uzoefu wangu na difu loki na trakisheni ya Hilux kwenye tope la Njombe

Kwa misimu minne ya mvua nimekuwa nikisomba viazi mviringo kutoka mashambani hadi Njombe mjini kwa Toyota Hilux ya dabo kabini. Sitaeleza hapa ulaji wake wa mafuta wala starehe ya viti vyake, bali namna matairi yake yanavyoshika, au yanavyokataa kushika, barabara ya udongo mwekundu inapolowa.

Pikapu niliyokuwa nayo kabla ya hii iliendeshwa na matairi ya nyuma tu, na difu yake, yaani gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa matairi mawili, ilikuwa ya kawaida isiyo na loki ya kuyafunga matairi hayo yazunguke pamoja. Siku moja ya mwezi wa tatu, ikiwa na magunia manane, tairi la nyuma la kushoto liliingia mtaroni, nami nikakanyaga mafuta. Mshale wa spidi ulisoma 30, gari halikusogea hata shubiri, na tope likaruka hadi juu ya kabini. Tairi la kulia, ambalo lilikuwa juu ya udongo mkavu kabisa, lilisimama tuli. Fundi alinieleza baadaye kwamba mshale ule ulikuwa unasoma mzunguko wa shafti inayopeleka nguvu kwenye difu, na tairi moja likisimama, mwenzake huzunguka mara mbili, kwa hiyo lile la kushoto lilikuwa linachimba shimo lake kwa kasi ya 60.

Difu haikuwa mbovu. Kazi yake ni kuliruhusu tairi la nje lizunguke zaidi kuliko la ndani gari linapokata kona, na bila hiyo matairi yangeburuzwa na kulika upesi. Lakini difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa sawa pande zote mbili, na upande ulio dhaifu ndio unaoweka kipimo. Tuseme tairi lililo kwenye tope linaweza kupokea nguvu ya mzunguko ya nyutoni mita 100 tu kabla ya kuteleza. Basi na lile lililo pakavu litapata karibu 100 hizo hizo, hata injini ingurume kiasi gani.

Hapo ndipo trakisheni, yaani mfumo wa kuzuia tairi lisizunguke bure, inaposaidia. Vihisio vya ABS, yaani mfumo wa kuzuia matairi yasijifunge wakati wa breki, vinapoona tairi moja linakimbia kuliko mengine, mfumo hulipiga breki hilo peke yake, na difu, kwa kuwa inasawazisha, hupeleka upande wa pili nguvu kubwa kiasi kile kile ambacho breki imeongeza. Mara ya kwanza nilipousikia ukifanya kazi, ukikwaruza na kutetemesha pedali, niliogopa na kuachia mafuta, na gari likasimama katikati ya tope. Hilo ndilo kosa ninalowaona wengi wakilifanya. Mfumo unahitaji tairi lizunguke kidogo ili uchukue hatua, kwa hiyo shikilia mafuta kwa utulivu, usiongeze wala usipunguze, na uupe sekunde mbili au tatu. Kwenye kilima chenye utelezi mrefu, hata hivyo, breki hupata moto, na nimewahi kusikia harufu yake kabla mfumo haujajizima wenyewe ili zipoe.

Loki ni kitu kingine. Ikishika, shafti mbili za nyuma, zile za kutoka kwenye difu hadi kwenye matairi, huwa kama moja, na tairi lililo pakavu husukuma kwa nguvu zote linazoweza hata mwenzake akiwa ananing'inia hewani. Kwenye gari langu inashika nikiwa kwenye 4L tu, yaani matairi yote manne yakivuta kwa gia nzito, na taa yake huwaka na kuzima kwanza, kisha hutulia; mpaka itulie, loki bado haijashika. Mimi huiweka kabla ya kuingia topeni, kwa mwendo wa kutambaa, kwa sababu kuiwasha tairi likiwa tayari linazunguka kwa kasi kunaweza kuvunja meno. Taa ya ABS nayo huwaka, kwani mfumo huo huzimwa, na usukani unakuwa mzito kwenye kona. Nikifika kwenye ardhi kavu na imara naitoa mara moja, na kwenye lami siigusi kamwe.

Nikilazimika kuchagua kimoja kwa kazi yangu, nitachagua loki. Kwa hiyo anayenunua pikapu iliyotumika asiridhike na kuiona swichi ya loki. Weka vizuizi kwenye matairi ya mbele, inua ekseli ya nyuma kwa jeki na uikalishe juu ya stendi, washa swichi ya gari bila kuwasha injini, liache kwenye gia na 4L, kisha zungusha tairi moja kwa mkono. Loki ikiwa imetolewa, la pili litazunguka kinyume. Bonyeza loki, chezesha tairi kidogo mpaka taa itulie, kisha jaribu tena: yote mawili yanapaswa kukataa kuzunguka.