Uzoefu wangu: miezi minane na aina tatu za chakula cha mbwa cha kiwandani

Kwa miaka mingi mbwa wa nyumbani kwetu Tegeta walikula tulichowapikia: ugali wa dona uliochanganywa na dagaa, na siku za Jumamosi utumbo kutoka buchani. Popi, jike letu la miaka sita, amekua kwa chakula hicho na sijawahi kumwona akisumbuliwa na tumbo. Nilianza kununua chakula cha kiwandani baada ya kuletewa Jabali, dume mwenye damu ya German Shepherd, akiwa na wiki kumi. Wakati huohuo ratiba yangu ya kazi ilibadilika, na hapakuwa tena na mtu wa kusimamia sufuria ya mbwa kila jioni. Katika miezi minane iliyofuata nimetumia vyakula vya aina tatu. Sitavitaja kwa majina, kwa kuwa ninachotaka kueleza ni namna nilivyojifunza kukipima chakula chochote kabla ya kukilipia, na namna hiyo itamfaa hata mfugaji anayeuziwa chapa ambayo mimi sijawahi kuiona.

Chakula cha kwanza nilikinunua kwa kupimiwa. Katika duka la dawa za mifugo nililolizoea palikuwa na gunia lililofunguliwa, mdomo wake umekunjwa nje, na kopo la kuchotea limezama ndani ya punje. Kilo moja iliuzwa shilingi 4,500. Nilipouliza kimetengenezwa kwa vitu gani, kijana wa dukani alinijibu kwa upole, "Ni kizuri, dada, wateja wangu wote wanachukua hiki." Naamini alisema alichokijua. Baada ya wiki tatu Jabali alikuwa akijisaidia mara nne au tano kwa siku, kinyesi kingi, laini, chenye rangi ya njano iliyopauka, na manyoya ya mgongoni yalikuwa yamekauka kiasi kwamba nilipompapasa mkono wangu ulibaki na unga mweupe. Popi alikinusa chakula kile siku mbili nzima kabla ya kukubali kukila.

Nilimpeleka Jabali kwa daktari wa mifugo nikiwa nimebeba punje chache ndani ya mfuko wa plastiki. Daktari alizitazama, akanirudishia. "Mfuko wake uko wapi?" aliniuliza. "Siwezi kukuambia lolote kuhusu chakula kisicho na maandishi." Alimpa dawa ya minyoo, kisha akanieleza jambo ambalo limenisaidia kuliko dawa ile: kinyesi kingi kupita kiasi mara nyingi ni chakula ambacho mwili umeshindwa kukimeng'enya, kwa hiyo sehemu ya fedha yangu ilikuwa inapita tumboni mwa mbwa na kuishia uani.

Jioni ile nilifanya majaribio mawili madogo. Niliweka punje kumi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, na asubuhi nikakuta maganda ya mahindi na vipande vya pumba vikielea juu, huku chini kukiwa na tope la rangi ya kijivu. Punje nyingine niliziacha usiku kucha juu ya karatasi ya daftari. Kila punje iliacha duara la mafuta, na karatasi ilinuka kama mafuta ya karanga yaliyosahauliwa kabatini kwa mwaka mzima. Majaribio ya namna hii hayasemi chochote kuhusu vitamini wala madini, na sipendi mtu ayategemee peke yake, lakini pua yangu ilinithibitishia kwamba mafuta ya chakula kile yalikuwa yamechacha. Gunia lililokaa wazi katika joto na unyevu wa Dar es Salaam haliwezi kutegemewa kuwa vinginevyo.

Mafuta yaliyochacha, hata hivyo, yana heri ya kunuka. Kinachonitisha zaidi ni sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu wa nafaka, ambayo haina harufu wala rangi ya kumwonya mnunuzi. Hapa nchini neno hilo tunalifahamu vizuri tangu mwaka 2016, watu walipofariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhuriwa nayo kwa urahisi, ini lake ndilo linaloumia, na joto la kawaida la kupikia haliiondoi. Mwishoni mwa mwaka 2020 huko Marekani chakula cha mbwa kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumukuvu kilirudishwa kutoka madukani baada ya kuripotiwa vifo vya mbwa, na hadi Januari 2021 vifo vilivyoripotiwa vilikuwa vimepita 100. Kiwango kinachowafanya wadhibiti wa nchi ile wachukue hatua ni sehemu 20 katika bilioni. Ikiwa jambo hilo limetokea mahali penye maabara na namba za toleo, zinazoonyesha mfuko umetoka fungu lipi la kiwandani, kwenye kila mfuko, mimi ninayepimiwa kwa kopo kutoka kwenye gunia lisilo na namba nitarudishiwa chakula kwa kufuata nini? Tangu siku hiyo sijanunua tena chakula cha kupimiwa, na hilo ndilo jambo ninalolisema kwa uhakika kuliko mengine yote katika maelezo haya.

Chakula cha pili kilikuja katika mfuko mzuri wa kilo 10, uliofungwa vizuri, wenye picha ya kipande cha nyama nyekundu na karoti. Mbele yake paliandikwa, kwa lugha ya kigeni, kwamba ni chakula "chenye nyama ya ng'ombe" na kwamba protini ni asilimia 26. Nilirudi kwa daktari nikiwa na furaha, safari hii nikiwa na mfuko mzima. Aliugeuza. "Dada yangu, umesoma ukurasa wa matangazo. Habari yenyewe iko huku nyuma."

Jambo la kwanza alilonionyesha lilihusu neno lile "chenye". Kwa miongozo ya AAFCO, chama cha wadhibiti wa vyakula vya wanyama cha Marekani, chakula kinachojiita "chenye nyama ya ng'ombe" kinatakiwa kuwa na nyama hiyo asilimia 3 tu, na Ulaya ni asilimia 4. Kikiitwa "ladha ya nyama ya ng'ombe", kinachotakiwa ni ladha itambulike. Picha ya kipande cha nyama kwenye mfuko haikuwa na uhusiano wowote na kilichojaa ndani yake.

Jambo la pili lilikuwa orodha ya viambato, ambayo huandikwa kwa kufuata uzito, kuanzia kilicho kingi. Orodha ya mfuko wangu ilianza na "nafaka", ikafuata "nyama na mazao ya wanyama", kisha "mazao ya mimea". Mwanzoni nilidhani tatizo ni hayo mazao ya wanyama, kwa maana ya maini, mapafu na utumbo. Sivyo. Mbwa wangu wamekula utumbo miaka yote na ni chakula kizuri. Tatizo ni kwamba hakuna mnyama aliyetajwa. Maneno ya jumla kama hayo yanamruhusu mtengenezaji kutumia kuku mwezi huu na kitu kingine mwezi ujao, kwa kadiri bei ya soko inavyokwenda, bila kubadilisha hata herufi moja ya maandishi, na mbwa mwenye tumbo jepesi ndiye wa kwanza kuligundua badiliko hilo. Nilipoanza kulinganisha mifuko madukani nilikutana na ujanja mwingine: mahindi yanagawanywa kuwa mahindi, gluteni ya mahindi (yaani protini ya nafaka iliyotengwa) na pumba za mahindi, ili kila fungu lionekane dogo na nyama ipande juu ya orodha, ilhali ukiyajumlisha mahindi ndiyo yanayoongoza. Vilevile uzito unaohesabiwa ni wa kabla ya kupikwa. Kuku mbichi ana maji karibu asilimia 70, kwa hiyo "kuku mbichi" anayesimama wa kwanza anaweza kuwa wa tatu au wa nne baada ya kukaushwa, na unga wa kuku, ambao hausikiki vizuri masikioni, mara nyingi huleta protini nyingi zaidi kwa uzito uleule.

Kuhusu ile asilimia 26 iliyonivutia, nilijifunza kwamba maabara haipimi protini yenyewe. Inapima naitrojeni, kisha inazidisha kwa 6.25. Kipimo hicho hakitofautishi nyama na gluteni, wala na unga wa manyoya ya kuku. Mwaka 2007 udhaifu huo ulileta msiba Amerika Kaskazini, pale gluteni ya ngano iliyoagizwa kutoka China ilipokutwa imetiwa melamini, kemikali yenye naitrojeni nyingi isiyo na lishe yoyote, na mbwa na paka wakafa kwa figo kushindwa kufanya kazi. Sisemi kwamba mfuko wangu ulikuwa na kitu kama hicho. Nasema kwamba asilimia ya protini bila orodha ya viambato inayotaja vitu kwa majina ni nusu ya habari.

Hesabu ya maji nayo ni ya lazima kwa anayelinganisha chakula kikavu na cha kopo. Kopo lenye protini asilimia 9 na maji asilimia 80 linaonekana dhaifu, lakini ukiondoa maji unabaki na sehemu 20, ambazo 9 kati yake ni protini, yaani asilimia 45. Mfuko wangu wenye asilimia 26 na maji asilimia 10 unatoa kama asilimia 29. Ni hesabu ya kugawanya mara moja tu kwenye simu.

Jabali alikipenda chakula kile cha pili, akakila kwa pupa, na kinyesi kilipungua hadi mara tatu kwa siku. Daktari bado hakuridhika. Mfuko haukuonyesha kiasi cha kalisi, madini yanayojenga mifupa, na popote haukusema kuwa ni chakula kamili kwa mbwa anayekua. Mbwa wa mbegu kubwa akiwa mdogo hawezi kuizuia kalisi iliyozidi isiingie mwilini, na mifupa yake inaweza kukua vibaya. Miongozo ya AAFCO kwa mbwa wa aina hiyo inaweka kikomo cha asilimia 1.8 baada ya kuondoa maji. Miguu ya mbele ya Jabali ilikuwa imeanza kutazama nje kidogo, na sikutaka kubahatisha.

Chakula cha tatu ndicho ninachotumia hadi leo. Mfuko wake hauna mvuto wowote. Orodha inaanza na unga wa kuku, kisha mchele, mahindi, mafuta ya kuku, na mafuta hayo yamehifadhiwa kwa vitamini E. Kuna sentensi inayosema wazi kwamba ni chakula kamili kwa mbwa wanaokua, wakiwemo wale watakaofikia kilo 32 na zaidi. Kuna kiasi cha kalisi, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mahindi yaliyomo hayanisumbui, maana mbwa huyeyusha vizuri wanga uliopikwa, na mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala walionyesha kwamba amewazidi mbwa mwitu wa kijivu kwa jeni za kazi hiyo. Kwa hiyo sikuona sababu ya kulipia zaidi mifuko iliyoandikwa "bila nafaka".

Kilo moja ya chakula hiki ni shilingi 8,000, na awali nilishtuka. Lakini Popi, mwenye kilo 24, alikuwa akila gramu 450 za chakula cha kwanza kwa siku, sawa na shilingi 2,025, na sasa anatosheka na gramu 320, sawa na shilingi 2,560. Tofauti ni shilingi 535 kwa siku. Kwangu inalipika, kwa mwenye mbwa watano najua ni mzigo, na simlaumu anayerudi kwenye dona na dagaa akiwa anavipika vizuri.

Kasoro hazikosekani. Mwezi wa nne wa kutumia chakula hiki niliuziwa, katika duka ambalo sikulizoea, mfuko wenye stika ya bei juu kabisa ya tarehe. Niliibandua nyumbani na kukuta muda umepita kwa miezi miwili, na punje zilinuka kama lile gunia la kwanza. Duka lilikataa kuupokea kwa sababu nilikuwa nimeshaufungua. Kero yangu kubwa zaidi ni kwamba hakuna neno hata moja la Kiswahili kwenye mfuko. Kaka anayetusaidia kazi za uani, ambaye ndiye anayewalisha mbwa asubuhi, hawezi kusoma jedwali la vipimo, na ilinibidi nimwekee alama ya wino kwenye kikombe cha plastiki ili asizidishe.

Jabali sasa ana miezi kumi na kilo 28, anajisaidia mara mbili kwa siku, na daktari alipomchunguza mwezi uliopita aliikuta miguu ya mbele imenyooka vizuri. Chakula chake nakiacha ndani ya mfuko wake wa asili, nao nimeuweka ndani ya ndoo yenye mfuniko juu ya matofali mawili, mbali na sakafu. Siku ya kuufungua naandika tarehe ubavuni kwa kalamu ya wino mzito, na najitahidi uishe ndani ya wiki sita. Kabla ya kuagiza mwingine namwomba muuzaji anitumie picha mbili kwa simu: ya nyuma ya mfuko na ya tarehe. Wauzaji wawili hawakunijibu tena baada ya ombi hilo. Wa tatu alinitumia picha baada ya dakika kumi, na ndiye ninayenunua kwake.